Uzi: Bomba likilazwa juu ya tope la bahari, linazama mpaka wapi?

Mpima Udongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine wa gesi kuna mkuu aliandika kwamba bomba la chuma likiwekwa baharini linakwenda chini mpaka likutane na mwamba, basi habari imeisha. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu ni refu. Nina miaka 13 kwenye kazi ya kupima udongo, miwili kati ya hiyo nikiwa juu ya meli ya utafiti, na hakuna jambo lililonishika kama hili la bomba na tope. Naomba nilieleze taratibu, na wenye ujuzi zaidi mnisahihishe.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo wengi tunapotelea. Chukueni bomba la chuma la inchi 24, ukuta wake una unene wa milimita 16. Nchi kavu, mita moja ya bomba hilo ina kilo 233 hivi. Ukiziba ncha zake na kulitia baharini, mita hiyohiyo inasukuma pembeni maji ya chumvi yenye kilo 300. Maana yake bomba hilo likiwa tupu linaelea. Chuma kitupu, na kinaelea! Ndiyo sababu mabomba makubwa ya gesi huvikwa koti la zege zito, ambalo badala ya kokoto za kawaida hutiwa mawe ya madini ya chuma. Koti la sentimita 5 likishawekwa, bomba letu linabaki na kilo 140 kwa kila mita ndani ya maji. Kilo 140 ni watu wazima wawili. Wawili hao wamesimama juu ya kitu chenye upana wa sentimita 71 na urefu wa mita moja. Mzigo unaolikandamiza tope ni huo tu.

Sasa tope lenyewe. Kwenye kina kirefu, mbali na mito na mawimbi, sakafu ya bahari mara nyingi ni udongo laini sana uliotua chembe kwa chembe kwa maelfu ya miaka. Nguvu yake pale juu ni kilopaskali 1 au 2 (kilopaskali moja ni kama uzito wa kilo 100 uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba), na inaongezeka kama kilopaskali 1 hadi 2 kwa kila mita unayoshuka. Ukilipokea kwenye sitaha likiwa bado ndani ya sanduku la sampuli, unatumbukiza kidole bila kutumia nguvu. Ukilibana kiganjani linachuruzika katikati ya vidole. Ukilikausha ukalipima, unakuta maji yaliyotoka yalikuwa na uzito kuzidi udongo uliobaki.

Mtu akisikia hivyo anasema basi bomba litapotelea humo. Piga hesabu uone. Tope la kilopaskali 2, bomba la kilo 140 kwa mita: halichovyi hata milimita. Lijaze maji, kama inavyofanywa siku ya kupima presha kabla ya kuingiza gesi, uzito unapanda mpaka kilo 410 kwa mita, karibu mara tatu. Hata hapo hesabu inakupa sentimita 3 na nusu.

Halafu unashusha roboti lenye kamera, unakuta bomba limezama nusu yake. Pengine mgongo tu ndio unaonekana.

Hesabu haikukosewa. Kilichokosekana ni siku ile ya kulaza.

Bomba halidondoshwi kama gogo. Vipande vinachomelewa juu ya meli, meli inasogea mbele, bomba linashuka nyuma yake likining'inia kwa mkunjo mrefu mpaka liguse chini. Pale linapogusa, mkandamizo unakuwa mkubwa kuliko uzito wa mita ile peke yake, kwa sababu linabeba pia sehemu ya mkunjo unaoning'inia. Na meli haitulii. Inapanda na kushuka na mawimbi, na kila ikipanda, bomba kule chini linainuka kidogo, linarudi, linainuka, linarudi, huku likisukumwa kushoto na kulia. Linalikanda tope. Tope la bahari likikandwa linapoteza nguvu, mara nyingi linabaki na nusu, theluthi, hata moja ya tano ya nguvu yake ya awali. Maji ya pembeni yanaingia kwenye ule mvurugo na kulilainisha zaidi. Ndipo bomba linapochimba kitanda chake. Waliofuatilia mabomba yaliyokwisha kulazwa wamekuta kuzama kwa mara 2 mpaka 10 ya kile kilichotabiriwa na hesabu ya uzito peke yake.

Nilijaribu nyumbani mwaka jana, nikiwa na mwanangu wa darasa la saba. Tulichukua tope la mikoko, tukalichuja mizizi na makombe, tukalijaza kwenye beseni kubwa na kuliacha litue siku tatu chini ya maji. Tukakata kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, tukakitia mchanga, tukaziba ncha, tukachora mistari ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Nikakilaza polepole kwa mikono miwili. Kilizama milimita 4. Nikamwambia mtoto akishike kwa uzi na kukiinua kidogo tu, unene wa kidole, kisha akirudishe, ahesabu mpaka 50. Alipofika 20 mstari wa kwanza ulishapotea. Alipofika 50 nusu ya bomba ilikuwa ndani, na pembeni pameinuka vituta viwili vidogo vya tope kama kingo za mfereji. Uzito haukubadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni tope, kwa jinsi lilivyoshikwa.

Dau la Somanga

Shikamooni wakubwa wa humu. Mkuu mwanzisha uzi, hicho unachokisema sisi huku tunakijua kwa miguu. Ukivuka tope wakati wa kupwa, ukitembea haraka unapita. Ukisimama na kuanza kuchezesha mguu ili ujinasue, ndio unajizika. Wanaokwenda kutafuta kaa wanawafundisha watoto: lala kifudifudi, tandaza mwili, usipigepige.

Na kuna jambo jingine sijaona umeligusa. Dau likikaa juu ya tope kupwa moja, maji yakijaa linaelea lenyewe. Likikaa siku nne tano kwa sababu bamvua limepita na maji hayafiki, siku maji yakirudi halitoki. Linang'ang'ania. Inabidi watu washuke walitikise kushoto na kulia mpaka usikie linanyonya, ndipo linaachia. Uzito wa dau ni uleule. Kwa nini?

Mpima Udongo

Marahaba. Mkuu, swali lako ndilo sehemu ya pili niliyokuwa nimeishika mkononi.

Tope ni chembe na maji katikati ya chembe. Ukiliwekea mzigo ghafla, chembe haziubebi kwanza, yanaubeba maji yaliyonaswa kati yao. Maji hayo yanataka kutoka, lakini njia ni nyembamba mno, yanatoka kwa kujipenyeza. Kadiri yanavyotoka, chembe zinasogeleana na kushikana, na mzigo unahamia kwao. Tope chini ya dau lako siku ya tano silo lile la siku ya kwanza. Limekamuliwa, limekaza. Na ukitaka kuinua dau, maji lazima yarudi kujaza nafasi, nayo yanarudi kwa uvivu uleule, ndiyo maana unasikia mnyonyo.

Aliyeliwekea hesabu jambo hili ni Karl Terzaghi, Mwaustria aliyekuwa akifundisha Istanbul. Alichapisha kazi yake mwaka 1925, na mpaka leo mhandisi wa udongo haandiki ripoti bila kuigusa.

Kwa bomba la ukubwa wa kawaida kwenye tope zito, kukamuliwa huko kunachukua kuanzia wiki kadhaa mpaka mwaka na zaidi. Bomba nene linachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu maji yana safari ndefu: ukizidisha kipenyo mara mbili, muda unakuwa mara nne. Kwa hiyo bomba lililolazwa leo limekaa kwenye tope legevu lililokandwa, na mwaka mmoja baadaye bomba hilohilo limeshikwa na tope gumu kuliko hata lile lililokuwepo kabla meli haijafika.

Chuma Mboga

Nimesoma yote. Mimi ndiye niliyeandika lile la mwamba, nashukuru kwa kunisahihisha bila matusi. Ila bado sijaona tatizo. Limezama nusu, tope limelishika, mkondo haulisogezi, nyavu haziliburuzi. Si ndivyo tunavyotaka? Kwa nini watu watumie mamilioni ya dola kujua ni sentimita 10 au 40?

Mpima Udongo

Mkuu, faida ulizozitaja ni za kweli, na kuna nyingine: tope ni blanketi. Kwenye kina cha mita 2,000 maji yana nyuzi 2 mpaka 4 tu. Gesi yenye unyevu ikipoa kiasi hicho chini ya presha kubwa inaganda na maji kuwa kitu kama barafu, inaziba bomba. Bomba lililozama linapoa polepole zaidi.

Tatizo linaanza bomba likipata moto. Mafuta yanatoka ardhini yakiwa ya moto, pengine nyuzi 80 au zaidi. Chuma kikipashwa nyuzi 60 juu ya joto la siku kilipolazwa, kila kilomita moja inataka kurefuka sentimita 70 hivi. Bomba la kilomita 20 linatafuta nafasi ya mita 14. Tope limelishika kila upande, halina pa kwenda. Nguvu inajikusanya ndani ya chuma mpaka mahali fulani, penye kasoro ndogo au penye tope jepesi, bomba linachomoka kitandani mwake na kupinda pembeni kama nyoka.

Wahandisi hawaogopi huo mpindo wenyewe. Siku hizi wanaupanga: wanaweka vizingiti chini ya bomba kila baada ya umbali fulani ili lipinde mahali pengi, kila mpindo uwe mdogo. Lakini upangaji huo unategemea kujua tope litalishika bomba kwa nguvu gani. Ukikisia kwamba halikuzama sana na kumbe limezama, mipindo uliyoipanga haitokei, kisha inatokea mmoja mahali usipopajua, nao unabeba urefu wote wa ziada. Ukikisia kinyume, bomba linajongea taratibu kila linapowashwa na kuzimwa, sentimita kwa sentimita, mpaka linavuta viungio vya mwisho. Kwa hiyo mhandisi anahitaji namba mbili, ya chini kabisa na ya juu kabisa, na zote mbili ziwe za kweli. Kwenye kazi nyingi za udongo ukichukua namba ya tahadhari umepona. Hapa hakuna upande wa tahadhari.

Mfano uliotokea: ghuba ya Guanabara, Rio de Janeiro, tarehe 18 Januari 2000. Bomba la Petrobras lililokuwa likipeleka mafuta mazito ya moto kutoka kiwanda cha kusafishia lilikuwa limelala kwenye tope laini sana la ghuba. Kila likipashwa moto na kupoa, lilisukuma tope la pembeni kidogo zaidi. Mwishowe liliruka upande kama mita 4, likakunjika na kupasuka. Lita milioni 1.3 za mafuta ziliingia kwenye ghuba, zikapanda mpaka kwenye mikoko. Wavuvi na wachota kaa wa kule walipoteza kazi yao. Nikiiona picha ya ile mikoko nyeusi huwa naikumbuka ya Rufiji, na ndiyo sababu nikaamua kuandika uzi huu.

Mwaka wa Tatu

Samahani mkuu, nasoma uhandisi wa ujenzi. Hiyo sentimita 3 na nusu umeipataje? Nimejaribu kwa kanuni ya msingi wa nyumba nimepata kitu tofauti.

Mpima Udongo

Kanuni ya msingi wa nyumba inachukulia kitako bapa. Bomba ni mviringo, kadiri linavyozama ndivyo upana unaogusa tope unavyoongezeka. Kanuni inayotumika sana kwa makadirio ya kwanza ni hii: chukua mzigo wa mita moja kwa kilonyutoni, gawanya kwa zao la kipenyo na nguvu ya tope. Jibu hilo ni sawa na 6 mara kipeuo cha nne cha (kina cha kuzama gawanya kwa kipenyo).

Kilo 410 ni kilonyutoni 4.02. Kipenyo mara nguvu ni 0.71 mara 2, yaani 1.42. Unapata 2.83. Gawanya kwa 6, unapata 0.472. Ipandishe kwa kipeo cha nne, 0.05. Mara kipenyo, milimita 35.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: weka kilopaskali 1 badala ya 2. Usiendelee kusoma kabla hujapiga. Kina hakizidishwi mara mbili, kinazidishwa mara 16! Kile kipeuo cha nne ndicho kinachotutesa. Kosa dogo kwenye nguvu ya tope linageuka kosa kubwa sana kwenye kina, na nguvu ya ile nusu mita ya juu ndiyo ngumu kuipima kuliko zote, kwa sababu chombo chenyewe kikitua kinaivuruga. Ndiyo maana mwaka 1991 watu wa Chuo Kikuu cha Western Australia, Perth, walitoka na fimbo yenye kichwa cha umbo la T, kipande cha chuma kilicholala kama bomba dogo. Wanakisukuma ndani ya tope, wanakivuta, wanakisukuma tena na tena palepale, na kusoma jinsi nguvu inavyoporomoka. Hiyo inakupa namba ya tope lisiloguswa na namba ya tope lililokandwa kwa safari moja.

Mchomeleaji Msafiri

Nimefurahi kuona uzi huu. Nilifanya kazi miezi minane kwenye meli ya kulaza mabomba upande wa Angola. Sisi wachomeleaji hatuoni kule chini, lakini tulikuwa tunasikia wasimamizi wakigombana kila hali ya hewa ikichafuka. Usiku mmoja bahari ilichafuka, kazi ikasimama kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo, bomba limening'inia vilevile nyuma ya meli. Kesho yake roboti lilipopita, pale bomba lilipokuwa likigusa palikuwa na shimo. Kwingine mgongo unaonekana, pale bomba limefunikwa lote kwa urefu wa mita kadhaa. Mzee mmoja wa zamu akasema, mkisimama na bomba linapumua chini, mnachimba kaburi.

Mkuu, nilisikia pia kwamba tope la Angola lina gamba juu. Ni kweli?

Mpima Udongo

Ushuhuda wako una thamani kuliko kurasa zangu zote. Ndiyo maana kumbukumbu za meli zinatunzwa saa kwa saa: ilisimama wapi, muda gani, mawimbi yalikuwa na urefu gani.

Gamba ni kweli, na ni kati ya mambo yanayonishangaza zaidi katika kazi hii. Kwenye kina kirefu cha Afrika Magharibi, ndani ya nusu mita ya kwanza, nguvu ya tope inapanda ghafla mpaka kilopaskali 10 na zaidi, halafu inashuka tena ukienda chini. Kwa miaka mingi watu walitafuta sababu za kikemia. Watafiti wa Cambridge, Kuo na Bolton, walilichuja lile tope wakakuta sehemu kubwa ni vipunje vya kinyesi cha wanyama wadogo wanaochimba sakafu ya bahari. Wanyama hao wanakula tope, wanalibana tumboni, wanalitoa likiwa vipunje vigumu. Bomba la chuma la mamia ya kilomita limelala juu ya kazi ya viumbe hao. Lakini bomba likiingia mle na kuvisaga vipunje, tabia inabadilika tena.

Binti Fumba

Na waya wa umeme wa kuja Unguja? Ule wa 2013, kutoka Ras Kiromoni. Nao unazama hivyohivyo?

Mpima Udongo

Dada, sheria za tope ni zilezile, ila waya una wasiwasi wake. Unatoa joto na unataka joto hilo litoke. Lile blanketi linalolisaidia bomba la gesi, kwa waya wa umeme ni kero, kwa hiyo anayeupanga anapima pia uwezo wa udongo kupitisha joto.

Dau la Somanga

Mkuu, nirudi kwetu. Sisi tuna bomba la gesi la kisiwa cha Songo Songo linatua hapa Somanga, la kwanza la 2004 na hili kubwa la 2015. Vijana wanasema limekwisha jizika, wanatupa nanga popote. Nini ushauri wako?

Mpima Udongo

Mzee wangu, hapo kwenu hali si ile ya kina kirefu. La kwanza ni inchi 12, kilomita 25 hivi kutoka kisiwani, la pili ni inchi 24. Maji ni mafupi, kuna mchanga na matumbawe, mawimbi yanafika chini. Mchanga hauna subira ya tope. Kusi likivuma unaweza kufukuliwa chini ya bomba mpaka likabaki limening'inia kama daraja, na kaskazi likija mchanga unarudi. Kwa hiyo mwaka huu mtu akiona limefunikwa, asichukulie kuwa ndivyo litakavyokuwa mwakani. Kwa sababu hiyohiyo mabomba ya maji mafupi hukaguliwa mara kwa mara, na karibu na ufuko huchimbiwa mtaro.

Nanga haijali kama bomba limezama nusu. Kucha za nanga zinaingia chini zaidi kuliko bomba lilivyoingia. Njia ya bomba imechorwa kwenye ramani za baharini, wakwepe kabisa kutia nanga juu yake. Na nanga ikinasa mahali msipopaelewa, wasiivute kwa injini. Wakate kamba, waweke boya, watoe taarifa. Nanga inanunulika.

Dau la Somanga

Nimekupata vizuri. Kesho ni bamvua, kuna dau limekaa juu ya tope tangu wiki iliyopita. Nitawaita vijana tulinasue pamoja, niwaonyeshe kitanda lililojichimbia, halafu niwasomee hili la nanga.